Mama Muhtasari Anafunga Chumba cha Magazeti

Ijumaa ijayo, siku ya mwisho ya mwezi huu, mtunza chumba chetu cha kusomea anastaafu baada ya kuitumikia karakana hii ya mabehewa kwa miaka thelathini na mmoja. Kwenye kitambulisho chake cha kazi ana jina kamili. Sisi tunamwita Mama Muhtasari, na wageni wengi wameondoka hapa wakidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Aliajiriwa kama karani wa masijala. Baadaye akakabidhiwa chumba kilichobanwa kati ya stoo ya rangi na kantini: meza moja ndefu, madirisha yasiyofunguka, na magazeti sita ya kila asubuhi ambayo hakuna aliyewahi kuyamaliza. Mafundi waliingia wakati wa chakula, wakafunua kurasa mbili tatu, vita huku, mafuriko kule, waziri kasema, waziri kakanusha, kisha wakatoka na nyuso za watu waliotoka msibani. Wengine waliacha kabisa kuingia. Fundi mmoja wa kuchomea vyuma, swahiba wake tangu ujana, alimwambia kwamba akishasoma gazeti chakula hakishuki.

Basi akabuni dawa. Kila asubuhi alisoma magazeti yote, kisha akaandika habari tatu tu kwenye karatasi moja na kuibandika mlangoni mwa kantini. Ya kwanza ilikuwa inayotuhusu, ya pili tunayoweza kuifanyia kitu, na ya tatu ya kumfanya mtu atabasamu. Habari ambayo haijathibitishwa aliiacha ilale siku moja kwanza, kwa sababu nyingi, alisema, huamka zikiwa zimebadilika sura. Chini kabisa aliandika: “Yaliyobaki nimeyasoma mimi. Kuleni.”

Tukala. Tukawa watu wanaojua mambo bila kuumwa kichwa. Siku aliposhikwa na mafua, meneja wa utumishi alijitolea kuandika yeye, akajaza karatasi nne mbele na nyuma. Kufika saa saba mchana, karatasi mojawapo ilikuwa imeshafungiwa mkate.

Kisha ikaja habari ya vumbi. Ilikuwa ndogo, imefichwa ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la magodoro. Madaktari walikuwa wamegundua kwamba yale mabamba ya kuzuia joto, ambayo karakana nyingi huyakata kwa msumeno, hutoa vumbi linalokaa kifuani kimyakimya kwa miaka, na likianza kazi yake halirudi nyuma. Mama Muhtasari aliyajua mabamba hayo. Yalipangwa uani, nje ya dirisha lake. Aliiweka habari hiyo nafasi ya kwanza. Kesho yake akairudia, maana hakuna aliyeitaja. Siku iliyofuata akairudia tena, akaongeza kwamba mabamba yaloweshwe kabla ya kukatwa na kwamba tudai barakoa.

Ingekuwa raha kuandika hapa kwamba wakubwa ndio waliomfunga mdomo. Hawakuhitaji. Waliokwenda kulalamika walikuwa mafundi, na aliyesema kwa niaba yao alikuwa yule swahiba wake.

“Dada, pale tunakuja kula,” alimwambia. “Ukituletea na vifua vyetu mezani, tukimbilie wapi?”

Alimjibu bila kupandisha sauti: “Miaka yote nimewapunguzia mengine ili hili lisiwapite.”

Lilitupita. Uongozi, ukishukuru kwa kurahisishiwa kazi, uliagiza kwamba kuanzia hapo mlangoni pabandikwe michezo na salamu za heri tu. Mama Muhtasari akaweka kalamu chini, akarudi kupanga majalada. Kantini ikaletewa runinga kubwa ambayo huwaka kutwa nzima na kupiga kelele za dunia yote, na sisi hula tukiwa tumeipa mgongo.

Kikohozi cha mchomeaji vyuma kilianza kama kikohozi cha mtu yeyote. Alipolazwa, Mama Muhtasari alimtembelea kila alipotoka kazini, akiwa na gazeti mkononi. Mgonjwa alitaka michezo, naye akamsomea michezo, mpaka matokeo ya timu za daraja la chini ambazo hata mashabiki wake wamezisahau. Hakumkumbusha lolote. Jioni moja mgonjwa ndiye aliyeuliza: ile habari ya vumbi, ilisema watu hupona?

Mama Muhtasari, ambaye hakuwa amewahi kuongeza wala kupunguza neno la habari, alijibu kwamba gazeti halikusema.

Gazeti lilisema. Sote tulioisoma mlangoni tunakumbuka. Mjane wa mchomeaji ndiye aliyetusimulia jibu hilo, tulipokwenda kumpa pole, na alitusimulia akiwa anamshukuru.

Barakoa zililetwa baada ya kumzika fundi wa pili. Siku ya kuzigawa ilipigwa picha, na picha hiyo ilitoka ukurasa wa mbele wa jarida hili la karakana, bila neno hata moja juu ya aliyezidai kwanza. Leo neno hilo limeandikwa, kwa kuchelewa kwetu kulikozoeleka.

Chumba chake kitavunjwa ukuta ili stoo ya rangi ipanuke. Yeye anasema nyumbani atanunua gazeti moja kwa wiki, alisome akiwa ameketi na mumewe kibarazani, wajadiliane, kisha alikunje waende kumwagilia mboga.

Mama, ahsante kwa macho yako uliyoyachosha kwa ajili yetu, na kwa uvumilivu ambao hatukuustahili. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na haraka, na magazeti membamba. Sisi, kuanzia Jumatatu, itabidi tujisomee wenyewe.