Mama Pweza Anaweka Penseli Chini

Tarehe thelathini mwezi huu, Mama Pweza anastaafu baada ya kuyatumikia makumbusho yetu ya viumbe wa baharini kwa miaka thelathini na mmoja. Kamati imeniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi.

Aliajiriwa kama mchoraji, akapewa chumba kisicho na dirisha nyuma ya matangi. Jina la utani lilikuja wiki ileile: pweza alichomoa mkono tangini akamnyang'anya kifutio, naye akagoma kuchora mpaka arudishiwe. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kwa walimu wake wa Magharibi alijifunza kupima, na kutia vivuli hadi gamba la kaa lionekane linashikika. Kwa mchoraji mmoja wa Mashariki ya Mbali, aliyewahi kuja kutufundisha, alijifunza kuiacha karatasi nyeupe iwe maji. Ndiyo maana farasi wake wa baharini ana kila pingili ya mwili, pembeni hakuna hata mstari, na bado unamwona anaelea.

Mwaka jana bomba lilipasuka juu ya stoo. Asubuhi tulimkuta amepiga magoti majini, anabandua michoro yake, nayo inamkatikia vidoleni kama uji. Binti yake alikuja mbio, wakaianika juu ya viti vya ukumbi wa mikutano. Iliyopona ni michache mno.

Mkurugenzi wetu, kijana mwenye huruma, alimfariji: "Usijali mama, utachora mingine."

"Kwa mkono upi, mwanangu?"

Akautoa mkono wa kulia mfukoni mwa koti. Ulikuwa unatetemeka. Kumbe alikuwa akituficha siku zote.

Hata hivyo alijaribu. Alirudia kumchora kasa mmoja kwa miezi, mkono ameukandamiza mezani kwa mkono mwingine, na kila mstari ukatoka umevunjikavunjika. Mwishowe alimwambia binti yake, "Twende nyumbani." Akaomba kustaafu kabla ya wakati.

Nafasi yake haitajazwa. Wiki iliyopita tulitundika michoro iliyopona, na madoa yake, tukidhani tunamfurahisha. Aliitazama.

"Iondoeni," alisema. "Watu watadhani ndivyo nilivyochora."

Tumeiondoa.

Asante, mama yetu, kwa yote, hata yale ambayo hatukuyatunza. Tunakuombea pumziko jema nyumbani kwa binti yako. Jumatatu tutapita mlangoni pa chumba chako nyuma ya matangi na kukusalimu kwa mazoea, ingawa hakuna atakayeitikia.