Daktari Dorkas na Kina Baba Wasiotaka Kupimwa

Wasikilizaji wapendwa, juzi tumemzika Daktari Dorkas Mvungi, nyumbani kwao Shighatini. Daktari Dorkas, bingwa wa kuwasaidia wanaotafuta mtoto na wa kuchunguza kasoro za kurithi. Wa kwanza kutuletea kazi hiyo hapa Same. Nina huzuni. Na nina hasira, nisiwafiche.

Kliniki yake ilikuwa na sharti moja: mke aje na mume. Wote wawili wapimwe. Nyie mkaja vipi? Mke na mama mkwe! Kaka yake, mzee Hezroni, ameniambia: "Dada alikuwa akirudi amenuna. Anauliza, 'Hivi wanaume wako wapi? Wanalinda milima isihame?'"

Honorata wa Hedaru alikuja hivyo hivyo, na mama mkwe. Ukoo ulishaamua: asipozaa, arudishwe kwao. Mumewe, Erasmo, yuko dukani anauza saruji. Daktari akamfuata Hedaru. Akakaa juu ya mifuko ya saruji, akagoma kuondoka. Wateja wanaingia, wanatoka, wanamshangaa. Mwishowe Erasmo akafunga duka, akaenda kupimwa.

Kasoro ilikuwa ya Erasmo. Amezaliwa nayo, mbegu zake ni chache mno. Daktari akachukua mbegu yake moja, akaiunganisha na yai la Honorata maabarani. Akazaliwa Careen. Sasa yuko sekondari.

Na mama mkwe akaambiwa nini? Kwamba aliyetibiwa ni Honorata! Jamani! Daktari hakutoa siri ya mgonjwa, ndiyo kazi yake. Lakini mume naye kimya, miaka yote, mkewe anasemwa mgumba kila ukoo ukikutana.

Juzi makaburini Erasmo akashika kipaza sauti. "Daktari alimtibu mke..." Akamtazama Careen. "Hapana. Alinitibu mimi. Honorata hakuwa na tatizo lolote."

Mama yake akainuka. "Erasmo! Na matusi yote niliyomtukana huyu nayapeleka wapi?"

Honorata akamjibu taratibu: "Mama, hata mimi sijui."

Mzee Hezroni, na familia yote ya Mvungi, poleni sana. Mungu ampumzishe dada yetu.

Na wewe baba uliyekaa hapo unanisikiliza, tafakari. Leo asubuhi mkeo amepanda basi kwenda kliniki, na mama yako pembeni. Zima redio, umfuate.