Igizo Lililogoma Mbele ya Wageni

Bisha. Bisha kabisa, weka na soda hapo, lakini mimi Barafu ndiye niliyeokoa sanaa katika shule ya msingi ya mtaani kwetu, na hilo darasa la saba lenyewe sikulimaliza. Barafu si jina nililopewa na mama. Asubuhi nauza barafu kwa wavuvi, na ndoo ikiisha nahamia kijiweni, benchi la mbele ya mashine ya kusaga, anapouzia kahawa Mzee Abdulswamad. Jumatano hiyo tulikuwa tunajadili aibu ya jana yake. Wataalamu walikuja kutoka Dar kupima ule mradi wa kuwafundisha watoto maigizo kila Alhamisi, kama una faida uendelee au hauna wauondoe. Mwalimu mkuu kwa heshima zake akatualika sisi wa kijiweni, akatuketisha safu ya mbele, viti vya plastiki, maji ya chupa. Watoto wakaingia na igizo walilolitunga wenyewe. Wakatuona. Wakatuamkia shikamoo kwa pamoja, halafu wakatazama vidole vyao vya miguu. Basi. Hakuna aliyefungua mdomo mpaka wageni wakakunja kamera yao.

— Wale wamechezewa, alianza Balozi. Huyo ni Mzee Mrisho, mjumbe wetu wa nyumba kumi, na hakuna jambo asilolianza yeye.

— Nani achezee darasa zima kwa mpigo, Balozi? nikamuuliza. Mganga gani ana muda huo?

— Wewe nyamaza, shule uliikimbia.

— Sikuikimbia. Niliondoka kwa mwendo wa kawaida.

Akadakia Muhidini, dalali wa viwanja, tunamwita Satelaiti kwa sababu hakuna habari isiyopitia kwake.

— Ni ile kamera. Mliona lile dude lenye manyoya mbele? Linafyonza sauti. Likishafyonza, mdomoni hakibaki kitu. Ndiyo maana wahenga wakasema mficha uchi hazai.

— Mficha uchi na kamera wapi na wapi, Satelaiti?

— Hapo sasa! Ndipo penye fumbo.

— Mimi naona ni yule mwanaume mwenye miwani myeusi, alisema Balozi. Mtoto hawezi kuigiza mbele ya mtu asiyejulikana anatazama wapi. Penye miti hapana wajenzi.

— Balozi, hiyo methali umeikodi wapi?

— Kunywa kahawa yako.

Satelaiti akaweka kikombe chini, akashusha sauti. Akishusha sauti, ujue linalokuja ni kubwa.

— Sikilizeni. Kwani nani kasema hawakuigiza? Waliigiza. Waliigiza watoto waliosahau igizo. Lile lilikuwa igizo lenyewe, sisi ndio hatujasoma!

Tulicheka mpaka Mzee Abdulswamad akashika birika lisimwagike. Aliyekuwa hacheki ni Profesa. Huyo ni Shuaibu, fundi baiskeli, tunamwita Profesa kwa sababu ya kipara. Bintiye Mwanvita ni mmoja wa waigizaji.

— Mnacheka, alisema. Mwaka juzi mwalimu aliniita akaniuliza kama mwanangu bubu. Mbele ya wazazi wenzangu. Sasa hivi ukimtuma chumvi anarudi na chumvi na habari za mtaa mzima. Wale wakiandika mradi haufai, Alhamisi zimekwisha. Nitarudishiwa yule wa zamani.

Balozi akamshika bega.

— Usijali, Profesa, alisema Balozi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Sasa hiyo ni pole au tusi?

Kabla hajajibiwa, akatokea binti mmoja kajitanda mtandio, begi mgongoni. Tukamtambua, ni Samia, mmoja wa wale wageni wa jana yake, aliyebaki kumalizia kazi.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa.

Akapewa kikombe na kashata, akanywa kwa adabu kama mtu wa pwani. Halafu akasema:

— Leo ndiyo naandika taarifa yetu. Wenzangu wanasema watoto hawajajifunza kitu. Mimi sitaki kuandika hawawezi kumbe wanaweza. Nisaidieni kitu kimoja tu. Lile igizo lao linahusu nini?

Balozi akakohoa. Satelaiti akatazama juu, labda anatafuta mtandao. Profesa, ambaye dakika hiyo angempigania mwanawe hata kwa ngumi, aliishia kusema yeye ni baba yake Mwanvita.

— Mwanao hajawahi kukusimulia, baba? binti akamuuliza.

— Huwa anaanza, alisema Profesa. Anaanza wakati navaa ndala nije huku.

Mzee Abdulswamad akainamisha birika. Yakatoka machicha. Binti akashukuru, akaenda zake.

Sasa ile sehemu niliyoiruka. Igizo nilikuwa nalijua.

Mpwa wangu Jasmin analifanyia mazoezi uani kwetu kila jioni. Linahusu benchi. Yumo mjumbe anayekohoa, yumo dalali anayetazama juu, na yumo mmoja mwenye ndoo kichwani, anaongea kuliko wote na hajui lolote. Huyo anaigizwa na Jasmin, na anampatia kinoma. Mwanvita ni mtoto anayekuja kijiweni na swali moja. Anazunguka kwa kila mtu, watu wanabishana, kahawa inaisha, mtoto anarudi nyumbani na swali lake. Jioni ya siku ile ya wageni nilimuuliza Jasmin kwa nini waligoma. Akanishangaa.

— Mjomba, tungewaigizaje wazee na wazee wenyewe wamekaa mbele? Si kukosa adabu huko?

Ningelisema pale benchini, wangejua mwenye ndoo ni mimi. Nikameza. Nikasubiri binti akunje kona, ndipo nikamfuata mbio, nikamweleza igizo lenyewe na kwa nini watoto waligoma. Hakuniamini. Basi nikageuza ndoo, nikaivaa, nikamwigizia kipande cha Jasmin katikati ya njia, bodaboda wanapiga honi. Alicheka mpaka akashika nguzo ya umeme. Akasema kesho Alhamisi anarudi shuleni, na safu ya mbele itakuwa tupu.

Jioni nikapita kwa Profesa. Igizo sikumsimulia, hilo si langu. Nilimwambia hivi: leo Mwanvita akianza, usivae ndala.