Vidole Vitatu vya Gesi: Maisha ya Mama Laurentine Numbi, 1958–2019

Ndugu na marafiki, mimi Godelieve, mdogo wake, ndiye niliyepewa kazi ya kumsimulia, ingawa angenisahihisha kila tarehe.

Mama Laurentine Numbi alizaliwa Kabalo tarehe 4 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa fundi wa reli. Alisoma kwa masista wa Kongolo, akapata diploma ya kemia mwaka 1977, kisha akaja kufundisha Kapata, mtaa wa hapa Kolwezi. Wanafunzi walimwogopa Jumatatu, na kufikia Ijumaa walikuwa wanampenda.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na Tata Lukusa Ngeleka, mzaliwa wa hapa hapa Kolwezi, wa wazazi kutoka Kasai, aliyefanya kazi katika maabara ya mgodi. Wenzake walijenga mabanda ya kuku. Yeye alitafuta moto kwenye jua. Alichoma sahani ya shaba juu ya babula, jiko la makaa, mpaka ikawa nyekundu, akaizamisha kwenye maji uani, na jua likipiga, mapovu ya gesi yakapanda ndani ya chupa. Yeye na dada walipima kimo cha gesi chupani kwa vidole. Gesi hiyo inawaka, na ndoto yao ilikuwa akina mama wapike bila makaa. Tatizo ni kwamba jua lile lile liliila sahani: siku kumi hivi, inakuwa nyeusi, mapovu yanakwisha. Nami niseme ukweli, gesi ya wiki nzima haikuchemsha hata chai yangu.

Machi 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Kolwezi. Tata Lukusa alipanda treni ya Mwene-Ditu, kule Kasai. Dada, tayari mama wa Tatiana na Dady, alikuwa na mimba ya Joyeuse ya miezi minane, na kule stesheni watu walikuwa wakifa, basi mumewe alimkataza kusafiri. Alimwachia sahani mpya na daftari. Kila barua yake, iliyoletwa na watu wa reli, iliuliza: gesi vidole vingapi? Dada alijibu: vitatu. Mwaka uliofuata, vitatu. Aliogopa sana kwamba mtu aliyefukuzwa hivyo hatataka tena kuiona Kolwezi.

Tata alirudi Septemba 1997, akambeba Joyeuse kwa mara ya kwanza. Alipouliza sahani iko wapi, dada alisema wezi walipita juzi. Tata akachoma nyingine.

Moyo wa dada ulianza kuchoka mwaka 2018. Tarehe 30 Septemba 2019, hospitalini, mimi nikiwepo, alimwambia mumewe:

“Lukusa, ile sahani ilikufaka wiki ya pili. Bidole yote nilikuandikia ilikuwa bongo, nilikudanganya.”

“Mi nilijuaka, mama Tatiana. Hakuna sahani yenye kumaliza mwezi mu mayi. Nilikuwa nasoma ile tatu, naelewa unaniita.”

“Na uliniacha niandike myaka ine?”

“Nilikuwa naipenda.”

Nilitoka nje kulia. Alifariki tarehe 2 Oktoba, saa tatu asubuhi.

Ameacha mume, Tata Lukusa, watoto, Tatiana, Dady na Joyeuse, wajukuu sita, na mimi.

Dada, pumzika kwa amani. Tata Lukusa usimwite haraka. Bado tunamhitaji.