Msimu Niliokataa Kamati ya Ufundi

Wazee wangu shikamooni, wenzangu poleni na kazi. Mwenyekiti wa kikundi chetu amesema nisimame niseme yangu, nami nimesimama.

Wengi mnanijua. Mimi ndiye yule kocha wa chuo hapa Korogwe aliyefungwa mpaka na vijana wa Mnyuzi wanaocheza peku. Chekeni tu, nimeshazoea.

Nilipokabidhiwa timu, niliikuta na kamati ya ufundi. Mnaijua, ile ya kwenda kwa mganga, kufukia vitu golini na kuingia uwanjani kinyumenyume. Nikasema kwangu hakuna. Tutafanya mazoezi alfajiri, na uwanjani tutaingia kama watu wengine. Ndugu zangu, sijutii kusema hivyo. Lakini mechi ya kwanza tulifungwa, ya pili tukafungwa, tukaendelea kufungwa. Kila kipa wetu alipookota mpira wavuni, wanachuo wenzake waliimba, "Rudisha kamati! Rudisha kamati!"

Vijana wakaacha kunisalimia. Mazoezini walikuja wachache, wakizunguka uwanja kama wanaosindikiza jeneza. Mkuu wa chuo akaniita, akasema nikifungwa na Handeni kwenye mechi ya mwisho, timu inavunjwa.

Nawaambia ukweli, nilikata tamaa. Chakula kilirudi jikoni kama kilivyokuja. Nilikaa kitandani na filimbi shingoni, nikiwaza mambo ambayo siwezi kuyasema mbele ya watoto hawa mliokuja nao. Mke wangu alikaa nami, hakunihubiria. Asubuhi ya mechi alinifunga kamba za viatu mwenyewe, akasema, "Nenda, baba. Ukifungwa, rudi nyumbani. Mimi nipo."

Tukafika Handeni. Mwamuzi akapuliza filimbi tuingie. Vijana wangu wakasimama nje ya chaki, hakuna aliyeinua mguu. Nikafoka. Nahodha, kijana wa Kang'ata, akaninong'oneza, "Mwalimu, wala siyo mambo ya mganga. Tunaogopa tu."

Nilitaka kumjibu kwa ukali, nikaacha. Nikasema, "Hata mimi naogopa, mwanangu."

Kisha nikawageukia wote, nikaanza kuingia uwanjani kinyumenyume, mimi mwenyewe, ili niwatazame usoni. Wakanifuata mmoja mmoja, wamenikazia macho. Mashabiki wa Handeni walivunjika mbavu: "Leo kocha kaenda kwa mganga mwenyewe!" Waache waseme. Mimi nilikuwa naona, kwa mara ya kwanza msimu mzima, jinsi watoto wale walivyochoka. Nikalia palepale katikati ya uwanja, mwamuzi akanitoa kwa mkono.

Tulitoka sare, moja moja. Mkia tuliushika vilevile. Mkuu ameiacha timu iendelee, ila hajasema mpaka lini. Na zipo siku ambazo chakula bado kinanishinda, sitawadanganya.

Namshukuru mke wangu. Nawashukuru vijana wale, na nyinyi mlionipokea kikundini bila kuniuliza matokeo. Ninalo neno moja tu la kuwaachia. Kama kuna watu wanaokutegemea, siku ukiogopa waambie. Mimi nilinyamaza msimu mzima nikidhani ndiyo uanaume, kumbe nilikuwa nimewaacha watoto wa watu waogope peke yao.