Papa Esdras na Pastille ya Nyuma

Papa Esdras Maliro anapumuzika kazi tarehe 27 Februari 2026, kisha miaka makumi tatu na moja katika garage ya kanisa letu, hapa Kimemi. Mutu asidanganye leo kwamba alikuwa mupole. Alitukana bashoferi, alitukana mvua, na chakula changu mimi mupishi alikisema vibaya kila siku. Mais sahani ilirudi jikoni imelambwa.

Kazi alijua. Jeep yetu ya kupeleka bagonjwa Beni ni muzee, na bashoferi baliinywesha maji ya mutoni mpaka kutu ikakula pastille, vile vifuniko vya chuma vinavyoziba matundu ya moteur. Zilipovuja, Esdras alizipiga pembeni mpaka zigeuke, akazivuta na pince, akasugua tundu ling'are, akagonga mupya sawasawa. Zote za ubavuni alibadilisha.

Mais ile ya nyuma! Imejificha kati ya moteur na boîte ya vitesse, lile sanduku la gia. Kuifikia ni kushusha boîte yote. Donc huyu mubaba wa bajukuu aliisukumia sabuni kwa kijiti. Sabuni! Kama anaosha kaptula. Sabuni ikiyeyuka, maji yanavuja, moteur inachemka, jeep inasimama kwenye mupando, na dereva Kasika anaimwangia bidon ya maji niliyomujazia mimi. Mwezi uliopita Mama Hadassa, akiwa na uchungu wa kuzaa, aliketi kando ya barabara ya Beni kungojea moteur ipoe. Mutoto alizaliwa muzima kwa neema ya Mungu, hapana ya sabuni.

Kamati ya kanisa ikaniomba nipike karamu ya kumuaga. Nikakatala mpaka ile pastille ya nyuma ibadilishwe. Esdras akauliza tangu lini mama wa sufuria ni mukubwa wa garage. Nikamwambia: "Weye, mwanaume muzima, unaogopa kitu kama kifuniko cha thermos? Shusha boîte, ama tutakuaga na njaa yako."

Alinuna. Akashusha. Akatukana boîte, akanitukana mimi, akamutukana hata yule aliyetengeneza gari. Pastille ilitoka imetoboka kama kichujio. Akasugua tundu, akagonga mupya.

Jana jeep ilienda Beni na kurudi, ikapanda bila kusimama. Kasika akanirudishia bidon imejaa, hata kifuniko hakijaguswa. Maji hayo ndiyo nimesongea bugali ya leo.

Aksanti, Esdras, mukaidi wetu. Bagonjwa bengi bamefika Beni kwa kazi ya mikono yako. Kula ushibe, lala mpaka jua likukute kitandani, Mungu akutunze pamoja na muke wako Mama Orpa. Sabuni iliyobaki nimekufungia kwenye zawadi. Uogee.