Mwenye Tisini na Nne Nukta Mbili

Ndugu waombolezaji, nasoma mimi mdogo wake, kwa kuwa kaka aliagiza historia yake isisomwe na mtangazaji yeyote, akisema watangazaji wakipewa msiba hutafuta muziki wa kuweka chini yake.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kifungua mimba wa fundi saa na mshona nguo, katika chumba cha nyuma ya duka la baba, akaanza shule ya msingi mwaka 1966, akasimamishwa wiki mbili kwa kuitengeneza redio ya mwalimu mkuu bila kuombwa, akarudishwa mapema ilipoharibika tena. Baada ya chuo cha ufundi aliajiriwa shirika la simu, tarehe 16 Juni 1984 akamuoa shemeji yetu muuguzi, wakajaliwa binti mmoja, ambaye ndiye fundi mitambo wa kituo chake cha redio.

Kituo hicho alikifungua tarehe 1 Februari 2004, ghorofani juu ya duka la viatu, masafa 94.2, kikatangaza vifo, bei za sokoni na watoto waliopotea, kikasikika vizuri mpaka ng'ambo ya mto.

Tarehe 3 Mei 2015 redio kubwa, ambayo mkurugenzi wake namwona safu ya mbele na shada lake, ilisimamisha mnara kilimani, ikaanza kurusha pembeni kabisa ya masafa yetu, ikatufunika. Tangu siku hiyo kaka alitembea kila asubuhi na redio ndogo mkononi, akiandika daftarini mahali sauti yetu inapoishia na yao inapoanzia, kwanza ikawa mtoni, kisha hospitali, kisha stendi, mwaka jana ikawa ngazi ya tatu ya kituo chenyewe.

Aliandika barua thelathini na saba kwa ofisi ya masafa, zote zikajibiwa kwamba zinafanyiwa kazi. Wakaguzi walikuja mara moja, baada ya kuwaarifu wenye mnara wiki mbili kabla, na siku hiyo mnara ulikuwa mpole kama mkwe mgeni, ikaandikwa kwamba mwingiliano haupo, ndipo kaka akafungua shauri.

Kaka aliugua figo mwezi Januari, akalazwa wodi ya wanaume, redio ikiwa kando ya mto wa kulalia, na Jumanne iliyopita, saa kumi jioni, alimwambia mkewe, "Andika, mama, wameingia tena," akafariki dunia saa kumi na mbili.

Binti yake alisoma tangazo la kifo mara nne. Ng'ambo ya mto walisikia bahati nasibu. Shangazi yetu anayeishi huko amefika leo asubuhi na kapu la machungwa ya mgonjwa.

Jana wakili wa redio kubwa aliandika kwamba mlalamikaji hayupo, hivyo shauri lifungwe na masafa yagawiwe upya. Binti amekwisha kusaini kuchukua nafasi ya baba yake, mlalamikaji yupo.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, wafanyakazi wenzake, na mwenye duka la viatu aliyevumilia nyaya zetu dirishani kwake. Mheshimiwa mkurugenzi, asante kwa shada, kadi yake inayosema mliishi naye kwa ujirani mwema tumeibandika daftarini, ni kielelezo cha mwisho.

Kaka, pumzika kwa amani waliyokunyima hewani. Kikao cha shauri ni Jumatatu saa tatu asubuhi, shahidi wa kwanza ni shangazi, na kapu atakuja nalo.